SOMO LA WANACHAMA: KUITAYARISHA NYUMBA KABLA YA KUIEZUA



Katika miezi ya Julai na Agosti, mtu apitaye barabara itokayo Korogwe kuelekea Handeni huliona jambo moja likijirudia kijiji baada ya kijiji: nyumba imevuliwa nyasi, makombamoyo yake meusi kwa moshi yamebaki wazi, na kando ya ukuta limepangwa fungu la mabati mapya yanayong'aa juani. Mahindi yamevunwa, fedha za mazao zimepatikana au mkopo umetoka, na mwenye nyumba ameamua kuachana na nyasi. Ni uamuzi mwema, wala somo hili halikuandikwa ili kumrudisha nyuma mtu yeyote.

Limeandikwa kwa sababu ya mambo niliyoyaona katika kazi ya ukaguzi. Kazi hiyo hunipeleka majumbani kwa watu, kwani vyama vyetu vingi vya msingi havina ofisi, au vina ofisi isiyofaa kuweka karatasi. Nimejifunza kwamba hasara kubwa katika kubadilisha paa aghalabu haitokani na bati wala na fundi. Hutokana na vitu vilivyokuwa chini ya paa la zamani, ambavyo mwenyewe hakuvitafutia mahali pa kukaa kabla ya kuanza kuezua. Kuezua ni kazi ya asubuhi moja. Kuezeka huchukua siku tatu au nne, na ikiwa kitu kimoja kimepungua, huchukua wiki tatu. Katika siku hizo zote chakula, mbegu, nguo, karatasi na watoto wako nje.

Nitatoa mfano mmoja, wala sitakitaja chama chenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2019, katibu wa chama kimoja upande wa Handeni aliiezua nyumba yake siku ya Jumatano. Mabati alikwisha yalipia dukani Korogwe, na gari lilikuwa limeahidiwa siku ya Ijumaa. Wengi wetu tunaukumbuka mwaka ule: mvua za vuli zilikuwa kubwa mno, hata barabara ya Korogwe na Handeni ikakatika. Mabati yakabaki ng'ambo, na nyumba ikabaki wazi. Sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda cha katibu lilikuwa na daftari la wanachama, leja ya hisa na vitabu vya stakabadhi vya miaka sita.

Nilipofika kukagua, kurasa za leja zilikuwa zimegandamana, na mahali pengi wino umebaki kama doa la chai. Tulifanya kazi miezi minne kuirudisha leja ile, kwa kukusanya stakabadhi walizokuwa nazo wanachama wenyewe. Mwenye stakabadhi alihesabiwa hisa zake siku ile ile. Asiyekuwa nayo ilimbidi alete mashahidi. Wengi wa hao walikuwa wajane, ambao waume zao ndio walionunua hisa na hawakuwaonyesha karatasi walikoiweka. Mama mmoja mtu mzima alikaa mbele ya bodi tangu asubuhi mpaka adhuhuri akieleza mwaka ambao mumewe aliuza ufuta na fedha akaziingiza chamani. Bodi ilimkubalia kwa ushahidi wa majirani wawili. Lakini haki ya mwanachama haipaswi kutegemea kumbukumbu za jirani, na yote hayo yalitokea kwa sababu ya paa lililoezuliwa siku mbili kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: usitoe hata unyasi mmoja kabla mabati, mbao, misumari na kofia za paa havijawa uani kwako, vimehesabiwa. Kulipia dukani si kupokea. Ahadi ya gari si gari.

Majira

Kwa wilaya zetu mbili, mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Wakati ulio salama zaidi wa kuezua ni mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba. Januari na Februari pia hufaa, ila kipindi ni kifupi na mara nyingine masika huja mapema. Ndugu zetu wa milimani, mathalani Bungu na Vugiri, hupata manyunyu hata katika miezi ambayo Handeni kuna vumbi tupu, basi wao wawaulize wazee wa mahali na wasiifuate kalenda ya watu wa bondeni.

Mtu atauliza: na ikiwa fedha zimepatikana Oktoba? Jibu ni kununua mabati na kuyaweka. Bati halioti wala haliozi likihifadhiwa vema. Lakini angalieni, mabati yaliyolazwa chini na kubanwa pamoja yakiwa na unyevu huota kutu nyeupe kati ya bati na bati, nayo huila ile rangi ya zinki iliyo kinga yake. Yaegemezwe juu ya magogo, upande mmoja uwe juu kuliko mwingine ili maji yateremke, na yafunikwe. Mwenye mabati ndani na nyasi juu amelala salama mpaka Juni.

Hesabu ya mabati

Jambo hili huharibu kazi nyingi, kwa sababu watu hukadiria kwa macho. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, na paa lake ni la migongo miwili. Tuongeze upenu wa sentimita 40 kila upande, ili mvua isipige ukuta wa udongo. Urefu wa paa utakuwa mita 8 na sentimita 80.

Sasa mteremko. Nusu ya upana ni mita 2 na nusu. Ukiongeza upenu, utapata mita 2 na sentimita 90. Ikiwa paa linapanda mita 1 kwa kila mita 4 za kwenda mbele, mteremko wote utakuwa mita 3 kasoro sentimita 1. Maana yake bati la mita 3 linatosha kutoka kileleni mpaka kwenye upenu bila kuunga. Asiyependa hesabu achukue kamba, afunge kigingi mahali pa kilele na kingine mahali pa upenu, kisha apime kamba yenyewe.

Kisha upana. Hapa ndipo penye kosa. Upana wa bati dukani sio upana utakaofunika, kwa kuwa kila bati hulalia jirani yake kwa mgongo mmoja na nusu. Muulize muuzaji upana unaofunika baada ya kulaliana, au pima mwenyewe kwa kuyalaza mabati mawili. Tuseme ni sentimita 60. Mita 8 na sentimita 80 ukigawa kwa sentimita 60 unapata 14 na zaidi kidogo ya nusu, basi unahitaji mabati 15 kwa upande mmoja, na 30 kwa pande zote mbili. Kofia za paa zenye urefu wa mita 2, zikilaliana sentimita 15, zitahitajika 5. Mtu aliyenunua mabati 28 kwa kukadiria atabaki na tundu, na tundu hilo litakuwa juu ya kitanda chake.

Mwangalie pia uzito wa bati. Namba ya geji inapokuwa kubwa, bati huwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko 28. Wauzaji wengine huyataja mabati kwa namba isiyokuwa yake. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, tafuta alama ya Shirika la Viwango, na stakabadhi itaje geji, urefu na idadi. Stakabadhi iliyoandikwa "mabati" tu haimsaidii mtu siku ya ugomvi.

Miti na kuta

Watu wengi hudhani kwamba nyumba ya zamani itaelemewa na mabati. Sivyo. Nyasi zilizoezekwa vizuri, hasa zikilowa, ni nzito kuliko mabati mara nyingi. Uzito huo ndio ulioshikilia paa miaka yote dhidi ya upepo, na fundi wa zamani hakuhitaji kulifunga sana. Unapoziondoa nyasi na kuweka bati jepesi, umeondoa mzigo uliokuwa ukikusaidia. Tangu siku hiyo adui wa paa ni upepo unaoingia chini ya upenu na kulinyanyua. Nimeyaona mabati yaliyopatikana shambani mwa jirani yakiwa bado yamepigiliwa kwenye papi zake: misumari haikung'oka, ila paa zima liling'oka juu ya ukuta.

Basi wiki tatu au nne kabla ya kuezua, fanya ukaguzi wa nguzo. Chimba kuzunguka kila nguzo kina cha futi moja, kisha uidunge kwa ncha ya panga. Panga likizama kama katika muhogo uliooza, mchwa wamekwisha maliza kazi yao, hata kama nguzo juu ni ngumu na nyeusi. Badilisha nguzo moja moja, paa la nyasi likiwa bado liko juu na limeegemezwa kwa miti ya muda. Usingoje siku ya kuezua ndipo ugundue kwamba nguzo nne kati ya tisa zimekatika chini. Katika kila nguzo ya pembeni, pitisha waya mnene utakaofunga mtambaapanya na kenchi, ili paa lishikane na nguzo na nguzo ishikane na ardhi.

Makombamoyo ya zamani hayafai kupigiliwa bati, ingawa watu hupenda kuyaokoa ili kupunguza gharama. Ni ya duara na yamepinda. Nyasi hufuata mpindo bila taabu, bali bati haliwezi. Litainuka hapa na kushuka pale, na maji yataingia kwenye mwinamo. Pia paa la nyasi hutaka mteremko mkali sana ili maji yakimbie, lakini bati halihitaji mteremko mkali kiasi hicho. Kwa sababu hizo kenchi mpya zitengenezwe chini, uani, zikamilike kabla ya siku ya kuezua. Upande wa Korogwe wako wanaotumia miti ya mkonge mahali pa papi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ni myepesi, lakini haishiki msumari vizuri. Naona heri kuitumia kwenye banda la kuku. Na anayetaka kukata boriti msituni akumbuke kwamba kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali hicho kiwe mkononi kabla ya shoka kutoka nyumbani.

Ufa ukutani uzibwe sasa, na sehemu zilizobanduka zikandikwe sasa, zipate kukauka. Ukuta mbichi hautikiswi kwa nyundo.

Mahindi ya darini

Hapa nitakawia kidogo, kwa maana chakula cha mwaka mzima kimo humo.

Nyumba nyingi za nyasi katika wilaya zetu zina dari ya fito juu ya meko. Mahindi huwekwa huko yakiwa na maganda yake, na moshi wa kila siku huyakausha na kuwafukuza wadudu. Ghala hilo ni la akili sana. Lakini ni ghala la nyumba ya nyasi. Ukiondoa nyasi, dari nayo huondoka, na hata ukiirudisha chini ya bati haitakuwa ile ya awali. Bati hupata baridi usiku, na mvuke wa ndani hugeuka matone yanayodondoka alfajiri. Mama wa nyumbani huita jasho la bati. Mahindi yaliyodondokewa na jasho hilo kila siku huota ukungu, na katika ukungu huweza kuwamo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa.

Kwa hiyo mahindi yateremshwe angalau wiki mbili kabla ya kuezua. Yapukuchuliwe, yapepetwe, yaanikwe juu ya turubai na si juu ya ardhi tupu. Kupima ukavu, chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa, kisha acha kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana maji bado. Isipoganda, yamekauka.

Baada ya hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya na dawa ya unga iliyokusudiwa kwa ghala, kwa kawaida gramu 100 kwa gunia la kilo 90, na kila mtu asome kibandiko cha dawa aliyonunua. Ya pili ni mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa kabisa, maadamu mahindi ni makavu na mfuko haukutobolewa. Usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba mahindi yatakaa siku chache tu. Dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana nchini kwetu mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimwita Skania kwa jinsi alivyokuwa mharibifu, hahitaji miezi mingi. Moshi ulikuwa ukimzuia. Sasa moshi haupo.

Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, katika nyumba nyingine yenye paa. Kama ni kwa jirani, yahesabiwe mbele ya watu wawili na kuandikwa. Najua wengine wataona aibu kuandikiana na jirani kwa ajili ya magunia. Nimekaa katika mabaraza ya usuluhishi mara za kutosha kujua kwamba ugomvi wa magunia mawili huvunja ujirani wa miaka thelathini. Mbegu za msimu ujao zitengwe katika chombo chake, wala zisiwekwe pamoja na chakula. Katika pilikapilika za ujenzi, mafundi hupikiwa kilichopo karibu.

Vitabu vya chama na karatasi za nyumbani

Ndugu Katibu, ikiwa vitabu vya chama viko nyumbani kwako na unakusudia kuezua, mjulishe mwenyekiti kwa maandishi. Vitabu vihamishwe kwa orodha: daftari la wanachama, leja, kitabu cha fedha, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, kitabu cha kumbukumbu za mikutano, hati ya kuandikishwa kwa chama, na mhuri. Orodha iwe na nakala mbili, itiwe sahihi na anayetoa na anayepokea, na vitabu virudi kwa orodha hiyo hiyo. Fedha taslimu zisihamishiwe nyumba ya mtu, ziende benki. Nakumbuka katibu mmoja aliyenijibu kwamba kufanya hivyo ni kutoaminiana. Nilimwambia kwamba orodha ile inamlinda yeye kwanza, kwa maana kitu kikipotea wakati wa ujenzi, watu hawatasema mvua imechukua, bali watasema katibu amekula.

Mwanachama naye akusanye karatasi zake: stakabadhi za hisa, za kuuzia mazao, kadi za kliniki za watoto, vyeti, kitambulisho, karatasi za shamba. Ziingie katika mfuko wa plastiki, kisha katika debe au sanduku la bati lenye mfuniko, na mke na mume wote wajue liliko.

Watu, wanyama na wadudu

Panga mahali pa kulala kwa usiku saba hata kama fundi amesema siku tatu. Mgonjwa, mzee na mama mwenye mtoto mchanga wahame mapema, kabla ya vumbi. Nyasi zilizokaa miaka kumi juu ya moshi zina masizi, kinyesi cha popo na panya, na vumbi linaloshika kifua. Wanaoezua wafunge vitambaa puani na kunyunyiza maji kidogo. Nge na nyoka hupenda kukaa katika nyasi za zamani. Zishushwe kwa uma au kwa fimbo ndefu na si kwa mikono mitupu, zitupwe mbali na mlango, na watoto wasizichezee. Moto wa meko uzimwe kabisa siku hiyo. Nyasi hizo zisichomwe karibu na nyumba. Zikisambazwa migombani au zikichanganywa na samadi zinakuwa mbolea nzuri.

Nyumba iliyounganishwa umeme isiguswe paa lake kabla TANESCO hawajafika kuondoa waya unaoingia nyumbani. Bati linaloinuliwa likigusa waya wenye umeme humuua aliyelishika na aliye chini yake. Kioo cha umeme wa jua kishushwe na fundi wake.

Neno moja kwa walio katika majengo ya zamani yenye mapaa ya kijivu yanayofanana na saruji. Baadhi ya mapaa hayo yana asbesto. Vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zake zote zina madhara hayo. Chama kisiyavunje kwa nyundo, kisiyafagie makavu, wala kisiwagawie wanachama vipande vya kuezekea mabanda. Kazi ikome hapo, na ushauri utafutwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na kwa NEMC. Paa la namna hiyo likiwa zima na halitikisiki, ni afadhali kuliacha kuliko kulivunja vibaya.

Maji

Katika Handeni hakuna haja ya kumweleza mtu thamani ya maji. Tangu zamani mradi wa HTM umekuwa ukiyavuta maji kutoka Mto Pangani, na vipo vijiji ambavyo akina mama bado huamka usiku kutafuta ndoo mbili. Paa la bati ni kisima, na watu wengi hulijenga wakakisahau kisima hicho mpaka wamekwisha maliza fedha. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mfano wetu linafunika mita za mraba 51. Mvua moja ya milimita 20 italeta lita 1,020, na ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, zitabaki lita 800 na ushei, yaani ndoo 40. Basi kabla ya kuezea, amua mifereji itaelekea kona gani, acha nafasi ya kuipigilia kwenye ubao wa upenu, na jenga msingi wa tangi upate kukauka. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yanasafisha vumbi na vinyesi vya ndege.

Kwa bodi zinazokopesha

Mkopo wa mabati ni kazi ya SACCOS yenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Chama cha mazao kisijigeuze benki kwa kutumia fedha za wakulima wengine. Lakini hata SACCOS yenye leseni hukosea katika kutoa fedha. Ushauri wangu ni kwamba mkopo usitoke wote mara moja. Fungu la kwanza linunue mabati na mbao, na ikiwezekana lilipwe kwa muuzaji moja kwa moja. Mjumbe wa kamati ya mikopo aende akahesabu bidhaa uani, aangalie nguzo zilizochimbwa, aulize mahindi yako wapi na familia italala wapi. Ndipo fungu la ufundi litoke. Fundi alipwe kwa hatua: sehemu anapomaliza kenchi, sehemu anapomaliza kuezeka, na iliyobaki baada ya mvua ya kwanza. Nimeambiwa kwamba ukaguzi wa namna hii ni kumfuatilia mkopaji ndani ya nyumba yake. Ni kweli. Walakini mkopaji aliyepoteza magunia kumi ya mahindi kwa mvua atanunua chakula kwa fedha ambazo zilikuwa za marejesho, na hasara hiyo itaingia katika leja ya chama, si ya kwake peke yake.

Ujima bado upo vijijini kwetu, na siku ya kuezua ndiyo siku yake. Watu kumi wakianza saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zitakuwa chini kabla ya jua kali, na kenchi zilizokwisha tengenezwa zitainuliwa siku hiyo hiyo. Mabati yaanze kupigiliwa upande upepo uendako, ili kila bati linalofuata lilalie lililotangulia na upepo usipate mdomo wa kuingilia. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, usipigwe kamwe kwenye bonde lake ambako maji hupita. Kofia ya paa ipigwe siku ile ile yaliyopigwa mabati ya mwisho, hata kama giza limekaribia.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa chama

1. Nyumba ya mwanachama ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, upenu sentimita 40 kila upande, na mteremko kama wa mfano wetu. Upana unaofunika wa bati ni sentimita 60. Anahitaji mabati mangapi ya mita 3, na kofia ngapi za mita 2?

2. Vitabu vya chama chenu viko wapi usiku wa leo, na paa la mahali hapo lina umri gani?

3. Ikiwa mabati ya mwanachama yamekwama njiani na nyumba imekwisha ezuliwa, chama chenu kina turubai? Liko kwa nani?